Kisu Kilichopata Alama Tisa

Naomba kwanza nisahihishe kumbukumbu. Si kweli kwamba kisu kilivunjika. Kilipinda. Nimesikia mkasa huu ukisimuliwa misibani, kwenye sherehe za kipaimara, hata kwenye vilabu vya pombe ya mbege ambako mimi sina kawaida ya kukanyaga, na kila anayeusimulia huongeza chake: wapo wanaosema mbuzi alibiringika hadi kwenye mfereji wa maji, wapo wanaosema nililia, na kuna kijana mmoja wa ukoo wetu (nimeshamwonya kwa barua) anayedai kwamba kisu chenyewe kilikuwa cha bati. Hayo yote ni uongo. Mbuzi hakufika kwenye mfereji. Ukweli una aibu ya kutosha, na kwa kuwa aibu hiyo ni yangu, naona ni haki yangu niieleze mwenyewe tangu mwanzo, kwa utaratibu, hata kama mpaka leo nikifika mahali fulani katika maelezo haya uso hunichoma.

Wakati huo nilikuwa mkaguzi wa ubora wa bidhaa katika idara moja ya serikali pale Moshi mjini. Kila asubuhi nilishuka kutoka nyumbani kwetu Old Moshi, koti mkononi na daftari kwapani, na kila jioni nilipanda tena. Kazi yangu ilikuwa kupita madukani na maghalani nikiandika iwapo sufuria inavuja, iwapo jembe limekaa sawa kwenye mpini, iwapo kiberiti kinawaka kwa mpigo wa kwanza au wa nne. Ilikuwa miaka ile ya bidhaa adimu, na kuna wiki nilizofika dukani nikakuta hakuna cha kukagua isipokuwa rafu, basi nikakagua rafu. Sisemi hivi kwa kujisifu, bali ili ieleweke kwamba nilikuwa mtu wa kumbukumbu. Jambo lisiloandikwa, kwangu mimi, lilikuwa halijatokea.

Mtoto wangu wa kike ni mmoja tu, Aikande. Alichumbiwa na mwalimu kijana aitwaye Elinami, mwana wa mzee Ndemasi wa kule Mamba, na mzee Ndemasi alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi. Wazee wa zamani waliogopa kuoana na wahunzi, wakiamini kwamba neno la laana la mhunzi aliyeshika nyundo haling'oki. Sisi Walutheri tuliosoma tulikuwa tumeshayaacha hayo. (Mama yangu hakuwa ameyaacha, lakini alikaa kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.)

Sasa, kwa wasiowahi kukaa kwenye harusi zetu, ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, anayeletwa mbele ya watu juu ya sinia akiwa amepiga magoti kama anayesali, majani mabichi mdomoni. Katika ukoo wetu, baba wa binti ndiye anayemfungua. Hukata bega la kulia, akalishika kwa mikono miwili na kumpa baba wa bwana harusi. Hapo hakuna hotuba inayohitajika. Bega likishapokewa, binti amekabidhiwa. Mimi nina binti mmoja, kwa hiyo katika maisha yangu yote nilikuwa na bega moja tu la kukata, na nilikuwa nalifikiria bega hilo tangu Aikande anajifunza kutembea kwa kushika migomba.

Majuma matatu kabla ya sherehe, mzee Ndemasi alikuja kwetu kwa miguu, akiwa na kitu kimefungwa kwenye maganda makavu ya mgomba. Akakaa, akanywa maji, akauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, ndipo akafungua.

"Mkwe wangu," akasema, "hiki nimekifua mwenyewe, kwa springi ya lori. Kitafungua ndafu, kisha kitaondoka na binti kwenda nyumbani kwake."

Nikashukuru kama inavyopasa. Lakini alipoondoka nikakitazama vizuri, na nakiri kwamba sikukipenda. Kilikuwa cheusi. Ubapa wake ulikuwa na mabonde madogo ya nyundo, mpini wa mti wa kahawa usiopakwa rangi, hakuna nembo, hakuna jina la kiwanda, hakuna hata nchi. Nikawaza wageni watakaokuja kutoka ofisini, nikawaza bwana mkubwa wa idara yangu akiniona mimi, mkaguzi wa ubora, nimeshika kitu kama kile mbele ya kwaya. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa yote: nikaamua kwamba kabla kisu hicho hakijakubaliwa, kikaguliwe.

Ili kukagua unahitaji kitu cha kulinganisha, na madukani kisu kilikuwa hakijaonekana kwa muda mrefu. Nikaenda Kiboriloni. Pale sokoni palikuwa na mama mmoja auzaye dagaa, na chini ya gunia la dagaa alikuwa na vitu vingine, ambavyo mimi kwa cheo changu nilitakiwa kuviona na kuvitolea taarifa, na ambavyo siku hiyo niliviona nikainama.

"Shikamoo, bwana afisa. Leo umekuja kikazi au kinyumbani?"

"Marahaba. Kinyumbani."

Akatoa kisu. Jamani, kilikuwa kinang'aa! Chembamba, chepesi, mpini mweupe, na kwenye ubapa maandishi ya kigeni yaliyochapwa kwa mstari ulionyooka kabisa. Nikamuuliza kama kinashika kutu. Akasema hata nikikisahau kwenye mvua za masika hakishiki. Nikamuuliza kama rangi ya mpini inatoka. Akasema haitoki. Nikaridhika. Katika daftari, penye safu ya asili ya bidhaa, niliandika "kimepatikana kwa njia za kawaida", na huo ndio mstari pekee wa uongo niliowahi kuandika katika utumishi wangu wote.

Ukaguzi niliufanya nyumbani, jikoni, Jumamosi nzima, na naomba uniamini unaposoma kwamba niliufanya kwa uaminifu: nilikata gazeti kwa visu vyote viwili, nikakata nyanya, nikakata kitunguu, nikavigonga kwa ukucha na kusikiliza mlio (kile cha Kiboriloni kililia kama kengele ya shule, cha mkwe kikanung'unika), kisha nikamenya ndizi za mtori kwa kila kimoja, na hapo tofauti ikajitokeza wazi, maana kisu king'aacho kilibaki king'aacho, ilhali kile cha springi kiligeuka rangi kwa utomvu, kikawa na mawingu ya zambarau na meusi, na ndizi yenyewe ikaota weusi kana kwamba imegombana na mtu.

Mke wangu, Mama Aikande, alikuwa amesimama mlangoni na beseni.

"Kwani hujawahi kuona kisu cha mama yako?" akaniuliza. "Si kilikuwa cheusi hivyo hivyo? Na kilikata mpaka akazeeka yeye, siyo kisu."

"Mama Aikande, haya ni mambo ya ubora wa chuma."

"Haya. Na huo mkebe wa maji ya chumvi ni wa nini?"

"Jaribio la kutu. Vyote viwili vinaingia, na limau."

"Kisu unakiloweka kama nguo?"

Nikavitumbukiza vyote viwili. Kile cha Kiboriloni nilikitoa baada ya siku mbili, kikiwa safi kama kilivyoingia, nikakifuta na kukipa alama tisa kati ya kumi. Kile cha mkwe nilikirudisha kwenye mkebe ili jaribio likamilike, nikaupandisha mkebe kwenye dari ya jiko la nje, nikakipa alama nne za muda. Halafu shughuli za harusi zikanikamata, mara mahema, mara migomba ya kupamba, mara wajomba wanaogombania nani atalala wapi, nami nikausahau mkebe.

Siku ya sherehe ilikuwa nzuri, na hilo nalo linaniuma. Kilele cha Kibo kilikuwa wazi, kwaya ya usharika iliimba bila kukosea, Aikande alikaa pale mbele na shela yake akiwa ametulia kama bibi yake, na mzee Ndemasi alikuwa kwenye mstari wa kwanza, amevaa koti lililopigwa pasi hadi likawa na makali, viganja vyake vikubwa vimelala magotini. Shemeji yangu Kileo ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli. Ndafu akaletwa, watu wakapiga vigelegele, Kileo akatangaza:

"Sasa baba wa binti! Baba wa binti aje na kisu!"

Nikatoka na kisu cha Kiboriloni. Jua likakipiga, nacho kikalirudisha machoni mwa watu, wengine wakakunja uso, nami nikadhani ni kwa kuvutiwa.

Mzee Ndemasi akainama mbele kidogo. Alisema kwa sauti ya chini, ya kunisaidia, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kifungo cha shati kimefunguka.

"Mkwe, hicho siyo chenyewe."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiokoa. Ningesema nimechanganya, ningeingia ndani, ningetoka na kile cheusi, nani angejua? Lakini mimi nilikuwa na daftari mfukoni.

"Mkwe wangu, swali lako ni la msingi," nikasema (hayo ndiyo maneno yangu halisi, Mungu anisamehe), nikalifungua daftari mbele ya wageni wote, nikawaeleza kwamba visu viwili vililinganishwa bila upendeleo, nikasoma majaribio moja baada ya jingine, gazeti, nyanya, kitunguu, mlio, hadi nikafika: "Kisu cha pili, cha kufuliwa kwa mkono. Hubadilika rangi. Huacha weusi kwenye ndizi. Uso si laini. Alama nne."

Nikasikia maji ya mfereji. Shangazi yake Elinami, mama mnene aliyekuwa amekaa na wanawake wa Mamba, akauliza:

"Nne ya ngapi?"

"Ya kumi."

"Mae!" akasema, akajifunika mdomo kwa kanga.

Mzee Ndemasi alirudi nyuma kwenye kiti chake. Sikumtazama Aikande, na hilo ndilo ninalojilaumu zaidi, kwa sababu kama ningemtazama ningeacha.

Nikaanza kukata. Ngozi ilikatika vizuri, lazima niseme haki, ngozi na nyama ya juu vilikatika bila shida, na kwa muda wa pumzi mbili nilijiona mshindi. Kisha kisu kikafika kwenye kiungo cha bega. Nikasukuma, kikakataa. Nikasukuma kwa uzito wa mwili, na nikahisi mkononi kitu kikilegea, kwa upole kabisa, bila mlio wowote, na nilipokichomoa kilikuwa kimepinda kama kiwiko.

Mtu mwingine angesimama hapo. Mimi nilikiweka gotini, juu ya suruali ya suti, nikakinyoosha. Nikakirudisha penye kiungo. Kikapinda upande wa pili.

"Bwana Mkaguzi!" akaita shangazi yule, sasa kanga imeshatoka mdomoni. "Hebu mpe na mbuzi alama zake!"

Wanawake wa Mamba walicheka, kisha wa kwetu, na wa kwetu ndio waliocheka zaidi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwema asiye na hila, akainuka kwenye benchi akauliza kwa dhati ya moyo:

"Samahani, hicho kisu ulikipata duka gani? Mama nyumbani anatafuta kisu tangu Pasaka."

"Kimepatikana kwa njia za kawaida," nikasema.

"Za kawaida za magendo ya mpakani Holili!" sauti ikatoka kwenye migomba, na sikuwahi kumjua mwenye sauti hiyo, ingawa nina orodha ya ninaowashuku. Nilimwona bwana mkubwa wa idara yangu akichunguza kwa makini sana kamba za viatu vyake.

Nikasukuma mara ya tatu. Sinia lilikuwa limejaa mafuta, meza ilikuwa juu ya ardhi yenye mteremko kama ardhi yetu yote ilivyo, na mbuzi akaanza kuondoka. Aliondoka bila haraka, amepiga magoti vile vile, majani mdomoni, akielekea kwa wageni waalikwa. Nilimkumbatia. Sina neno jingine la kistaarabu. Nilimkumbatia kwa mikono yote miwili, shavu langu kwenye shingo yake, mafuta yakaingia kwenye koti, kwenye shati, kwenye daftari, na hapo ndipo alipokomea. Kwa hiyo nasisitiza tena kuhusu ule mfereji.

Nilipoinua uso nikamwona Mama Aikande akitoka jiko la nje. Alikuwa ameshika mkebe.

Nikatikisa kichwa. Nikatikisa tena. Akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo ya hema, akaenda moja kwa moja kwa mzee Ndemasi, akapiga goti, akasema, "Baba, utusamehe," akakitoa kisu kwenye maji. Kilikuwa chekundu. Kutu ilikuwa imekivaa kuanzia mpini hadi ncha, na maji yaliyokuwa yakidondoka yalikuwa na rangi ya udongo wa barabarani. Kicheko kikakatika ghafla.

Mzee Ndemasi akakipokea. Akakinusa.

"Chumvi," akasema. "Na limau. Siku ngapi?"

"Kumi na tisa," nikasema, maana nilikuwa nimeandika.

"Kumi na tisa." Akakigeuza. "Hata mimi, mkwe, ukiniweka humo siku kumi na tisa, nitaota kutu."

Wazee wawili wa kwetu walisogea nyuma na viti vyao, na nilijua wanangoja nini: wanangoja mhunzi aseme neno. Mama yangu alikuwa amefumba macho. Lakini mzee Ndemasi aliomba majivu tu. Akakisugua kwa majivu na ganda la mgomba, akainama kwenye jiwe la ngazi ya nyumba yangu, akakinoa pale, taratibu, mbele ya wageni waliokuwa wamesahau hata kukohoa. Kilipotoka hakikuwa kinang'aa. Kilikuwa cheusi kama siku aliyokileta, na ukingoni uzi mmoja mweupe.

Nikanyoosha mkono. Nilidhani bado ni zamu yangu.

Akaupita mkono wangu, akamwendea Aikande.

"Kata wewe, binti yangu."

Aikande akasimama, akakunja mkono wa gauni. Alinitazama, na sauti yake haikuwa na hasira, heri ingekuwa nayo.

"Baba," akasema, "shika sinia."

Nikashika sinia. Akakata mara moja, penye kiungo, na bega likatoka kama mlango unaofunguliwa na mwenye nyumba. Akalishika kwa mikono miwili, akampa baba mkwe wake, naye akalipokea kwa mikono miwili. Vigelegele vikapigwa. Ikawa imekwisha. Binti yangu wa pekee alijikabidhi mwenyewe, na mimi baba yake nilikuwa nyuma ya mbuzi, nimeshika ukingo wa sinia, nanuka moshi.

Juma lililofuata nilikata jani la sale kwenye mpaka wa shamba letu, nikapanda nalo Mamba. Kwetu, ukimpelekea jani hilo mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukufukuza. Mzee Ndemasi alikuwa kwenye kiwanda chake, mwanawe mkubwa anavuta mivukuto. Alilipokea jani, akalichomeka kwenye paa la nyasi, akaniambia nikae. Kisha akaniomba daftari. Alilisoma lote, kurasa zikigandana kwa mafuta ya ndafu, kidole kikipita safu kwa safu, akafika safu ya mwisho.

"Hapa pameandikwa 'Kazi iliyokusudiwa'," akasema. "Hujajaza."

Nikatazama. Ilikuwa fomu niliyoibuni mwenyewe, nilikuwa nimewarudishia watu wa maghala fomu nyingi kwa kosa hilo hilo, na kweli sikuwa nimejaza, wala cha kwanza wala cha pili. Nilikuwa nimetafuta kisu cha kukata mfupa, nikakijaribu kwa gazeti. Nikamwambia kwamba yule mama wa Kiboriloni naye alinijibu hivyo hivyo nilipokwenda kulalamika: "Bwana afisa, uliniuliza kutu. Mfupa hukuniuliza."

Akacheka, kwa mara ya kwanza. Akaniomba na kile kisu kilichopinda, nilikuwa nacho kwenye koti. Akakiweka kwenye fuawe, akakinyoosha kwa mapigo mepesi, akakata ncha na kuifanya mviringo.

"Chuma hiki hakina kosa," akasema. "Kinafaa siagi."

Nikakusanya ujasiri nikamuuliza kama kuna namna, siku moja, labda kwenye ubatizo wa mjukuu, mimi ningeweza kukata bega nikamkabidhi, ili mambo yakae sawa. Aliiweka nyundo chini, bila kejeli.

"La, mkwe," akasema. "Bega la binti ni moja. Limeshaliwa."

Niliporudi nyumbani nilifuta zile alama kwa mstari mmoja ulionyooka, ili kilichofutwa kiendelee kusomeka, kama kanuni inavyotaka. Penye safu ya mwisho nikaandika, kisu cha kwanza: siagi. Kisu cha pili: aulizwe aliyekifua. Na pembeni nikaweka nadhiri, nikaitia saini, kwamba sitatoa tena alama kwa kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi yake. Nadhiri hiyo niliishika hadi nilipostaafu, na iliniletea ugomvi mwingi na maghala.

Kisu cheusi kiko kwa Aikande hadi leo, ubapa umepungua kwa kunolewa, makali yako pale pale. Kila Krismasi tunapokwenda kwao Mamba, mbuzi huletwa, wajukuu hunizunguka wakisubiri, na hakuna anayeniita wala kunielekeza. Mwenyewe huvua koti, nikakunja mikono ya shati, nikaenda kushika sinia.